Maji Ambayo Shekiondo Hakuyaona

Mwonja hayajui maji yaliyomwagwa.

Mliisikia jana harusini, nyote mlikuwapo. Yule binti aliramba kijiko kimoja cha pilau akasema sasa ameijua, kesho ataipika kwao. Mpishi, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sufuria, akamjibu kwa maneno hayo. Niliwaona mnatazamana, mkadhani anamnyima. Hakuwa akimnyima. Methali hiyo haikuzaliwa na uchoyo, wajukuu zangu. Ilizaliwa na woga, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Palikuwa na mtu aliyeitwa Shekiondo, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani pamoja na mkewe Zaina na watoto wao wawili, akaja kufyeka shamba nyikani katika nchi ya Wazigua. Mtoto mkubwa alikuwa binti, Kibibi. Mdogo wake aliitwa Hoza, mtoto mnene aliyependa kula kuliko kucheza. Kwao milimani walizoea ndizi, maharage na mboga za kila namna. Huku nyikani chakula kilikuwa mahindi, na mwaka wao wa pili mvua ikagoma, hata mahindi yenyewe yakawa ya kupimwa kwa kiganja.

Katikati ya shida hiyo ikaja habari kwamba mama yake Zaina ameanguka, hajiwezi. Zaina akafunga nguo zake akapanda milimani kumuuguza. Shekiondo akabaki na watoto na jiko.

Enzi hizo mwanamume kushika upawa lilikuwa jambo la kuchekwa, lakini Shekiondo hakutaka watoto wake wale ugali mkavu kila siku kama wafungwa. Akaanza kujaribu. Alisonga unga pamoja na boga, kikatoka kitu cha kunata kama ulimbo, wakala huku wakicheka. Alipika majani ya kunde kwa karanga, yakaungua, wakala hivyo hivyo. Hoza akawa na desturi ya kuchungulia chunguni na kuuliza, "Leo umebuni nini, baba?" Na Shekiondo, ingawa hakumwambia mtu, alianza kuipenda kazi ile.

Ng'ambo ya kijito aliishi mama mmoja wa Kizigua, mjane, Bi Mwanahawa. Siku moja watu walikwenda kumwezekea nyumba, na Shekiondo akaenda pia. Kazi ilipokwisha, wakaletewa chungu cha vipande vyeupe vilivyopikwa kwa karanga, laini, vizito, vitamu. Shekiondo alikula, akaongeza. Kisha akamnong'oneza mwenzake aliyekaa karibu naye, "Hiki nini?"

"Ndiga," akajibu yule mtu. "Mizizi ya porini. Mwaka wa njaa ndiyo inayotuvusha."

Basi. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mgeni katika nchi ile, tena mwanamume. Aliona haya kumfuata mama wa watu jikoni na kumhoji mambo ya vyungu. Alisifu, akashukuru, akarudi kwake na ladha ile ulimini.

Mmea wenyewe aliujua kwa sura. Ulitambaa kila mahali nyuma ya shamba lake, shina la miiba, majani matatu matatu. Siku iliyofuata alichukua jembe akachimba. Hakuhitaji kwenda mbali, wala hakushindana na mtu, na hilo lingetosha kumshangaza: katika mwaka ule wa njaa, kwa nini chakula kitamu namna ile kilikuwa kimejaa hivi, bila kuguswa na nguruwe wala panya?

Alimenya uani. Utomvu ulimwasha mikono, akajipangusa kwa mchanga. Kuku wao mmoja alikuja mbio, akadonoa ganda, akatikisa kichwa, akaondoka.

"Baba," akasema Kibibi, "kuku amekataa."

"Kuku anajua nini chakula cha watu?"

Akakata vipande, akachemsha, akatia karanga zote zilizobaki ndani ya nyumba. Harufu ikawa ile ile ya kwa Bi Mwanahawa. Rangi ikawa ile ile. Adhuhuri akawapakulia watoto kwanza, na Hoza akala kama anayefukuzwa. Shekiondo alikuwa ameinama anakwangua chungu aweke chake, ndipo Kibibi alipoweka bakuli chini.

"Baba, ulimi unawasha."

"Ni pilipili tu, mama. Kula."

Kibibi akamtazama. "Lakini hukutia pilipili."

Shekiondo akatia kipande kinywani. Kwanza palikuwa na utamu. Halafu, nyuma ya utamu, kikaja kitu kama moto mdogo, kikapanda kooni. Akatema. Akageuka kumnyang'anya Hoza bakuli, akakuta limekwisha.

"Hoza, unajisikiaje?"

"Vizuri," akasema Hoza. Lakini neno lilitoka zito, kama la mtu aliyeweka kijiwe chini ya ulimi, na mate yakamchuruzika kidevuni bila yeye kuyafuta. Akataka kusimama. Miguu ikakataa. Akakaa tena, akacheka kidogo, kisha akaona uso wa baba yake, akaacha kucheka.

Kibibi alikuwa amekwisha kuanza kutapika.

Shekiondo alimbeba Hoza begani, akamshika Kibibi mkono, akakimbia. Kile kijito alichokuwa akikivuka kila siku bila kukifikiri, siku hiyo kilikuwa kipana kama bahari. Kichwa cha mtoto kilimgonga mgongoni kila hatua, na kila kilipogonga alimwita, na kila alipomwita jibu lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Alipoingia uani kwa Bi Mwanahawa, Hoza hakuwa akijibu tena.

Mama yule alitoka, akamtazama mtoto mara moja tu.

"Mmekula nini?"

"Ndiga. Ile ile uliyotupikia sisi."

"Uliiloweka siku ngapi?"

"Kuloweka?"

"Maji umeyamwaga mara ngapi, Shekiondo?"

"Maji gani, mama?"

 Bi Mwanahawa akaketi pale pale chini, kama mtu aliyesukumwa. Kisha akajikaza, akasimama.

"Mlaze ubavu. Ubavu, si chali! Usimpe maji, atapaliwa. Huyu binti mwache atapike, asizuiwe."

"Dawa yake nini?"

"Dawa siijui," akasema. "Waliokula kidogo hupona. Waliokula sana..."  Akaanza kumfuta Hoza povu kwa upindo wa kanga yake.

Hapo ndipo mwili wa mtoto ulipokakamaa. Mikono ilijikunja, meno yakasagana, macho yakageuka meupe. Shekiondo alimshika mabega, na nguvu zile hazikuwa za mtoto wake. Ilikuwa kama kumshika mtu mwingine aliyejificha ndani yake. Zikapita. Zikarudi. Zikapita tena, na zilipopita mara hiyo Hoza alilala kimya, pumzi moja hapa, nyingine mbali.

Habari ilienea bila kutumwa. Majirani wakaingia uani mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza. Wanawake walitandika mkeka ukutani wakaketi juu yake, wamejitanda kanga kichwani, mikono mapajani. Shekiondo aliwatazama, akakitambua kikao kile. Ndivyo watu wanavyokaa msibani. Mtoto alikuwa bado anapumua, nao walikuwa wamekwisha kukaa.

Mzee mmoja akamsogelea, akasema taratibu, "Bwana, tumtume nani kwa mama yake?"

"Msimtume mtu," akasema Shekiondo. "Bado."

"Lakini ni haki yake kujua."

"Nimesema bado!"

Kibibi alikuwa amelala kando, tumbo limetulia, uso umemsawijika. Alikuwa akimtazama baba yake. Hakulia. Alimtazama tu, jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyemzoea ambaye leo ameng'ata. Na katika hofu zote za mchana ule, Shekiondo alisema baadaye, macho hayo ndiyo aliyoshindwa kuyakabili.

Jua likatoka utosini, likaanza kuinamia vichaka. Bi Mwanahawa hakuondoka. Alihesabu pumzi za Hoza kwa midomo, na kila zilipochelewa midomo yake ilisimama, na uani kote watu walisimamisha pumzi zao.

Kisha sisimizi mmoja alipanda kwenye unyayo wa Hoza. Shekiondo alimwona, akanyoosha mkono amtoe. Kabla hajamgusa, mguu ukajivuta.

"Mama," akanong'ona. "Umeona?"

"Nimeona. Nyamaza."

Sisimizi akapanda tena, na mguu ukajivuta tena, kwa hasira, kama mguu wa mtoto yeyote anayesumbuliwa usingizini. Bi Mwanahawa akaweka sikio kifuani pa Hoza, akakaa hivyo kitambo kirefu. Alipoinuka, aliwageukia wanawake wa mkekani akawaambia, "Kunjeni." Mkeka ukakunjwa. Shekiondo akalia mbele za watu wote, wala hakuna aliyemcheka.

Zaina aliporudi, mama yake akiwa bado mgonjwa, aliyakuta yote mdomoni mwa majirani kabla ya kufika nyumbani. Aliwapapasa watoto kuanzia utosi hadi vidole. Halafu akamgeukia mumewe.

"Ulikula chakula cha watu, ukasifu, hukuuliza kinapikwaje?"

"Niliona haya, mke wangu."

"Haya," akasema Zaina. Akarudia neno lile kama analionja. "Ungemzika mwanangu kwa sababu ya haya."

Hakulisema tena. Lakini siku zikapita, na Hoza hakugusa bakuli bila kuuliza kwanza, "Kapika mama au baba?" Akiambiwa baba, alilisukuma taratibu, bila maneno. Na ilikuwa lazima baba apike, maana Zaina aliitwa tena milimani, na mahindi yalikuwa yanakwisha.

Ndipo Shekiondo alipovuka kijito, akasimama mlangoni kwa Bi Mwanahawa, akasema, "Mama, nifundishe. Kila kitu. Hata kile unachodhani ninakijua."

Bi Mwanahawa alimchukua kijitoni, chini kwenye bonde ambako Shekiondo hakuwahi kufika. Humo majini, vimegandamizwa kwa mawe, vilikuwa vikapu vya vipande vya ndiga, vyembamba kama kucha, na maji yakipita juu yake mchana na usiku. Alimwonyesha namna ya kukata. Alimwonyesha povu linalotoka na namna ya kukisuuza kikapu, kukirudisha, kukisuuza tena, siku baada ya siku. Alimwonyesha shimo alikomwaga maji ya kwanza, yale ya kulowekea chunguni kabla ya vikapu kuingia kijitoni, mbali na njia ya mbuzi. Kando yake hapakuota hata jani.

"Siku ile ya kuezeka," akamwambia, "wewe ulikiona chungu. Hapa hukupaona. Ulionja, lakini maji niliyoyamwaga huku hukuyajua."

Shekiondo akachukua kisu, akaanza kukata.

Alifanya kama alivyofundishwa, na juu ya siku alizoambiwa akaongeza nyingine, kwa woga wake mwenyewe. Alipopika, hakumpa mtu. Asubuhi, mbele ya watoto wake, alikula peke yake bakuli zima. Kisha akaketi katikati ya ua, na watoto wakaketi kizingitini, wakamtazama.

Kibibi alikuwa akija kila mara. "Baba, ulimi?"

"Mzima."

"Na miguu?"

Shekiondo alisimama akaizunguka nyumba, akarudi, akaketi. Ilikuwa hivyo siku nzima. Yeye mwenyewe alikuwa akivizia kinywani mwake moto ule mdogo. Haukuja.

Siku ya pili yake Kibibi alikula. Hoza alikaa sana na kipande mkononi.

"Umeyamwaga maji?" akauliza.

"Nimeyamwaga, mwanangu."

"Yote?"

"Yote."

Akala.

Mvua zilirudi, njaa ikaisha, lakini ndiga ya Shekiondo ikawa na sifa katika vijiji vile. Ikatokea msafiri mmoja kijana akapita, akakaribishwa, akala mpaka akalamba vidole. Akasema, "Bwana, kwetu mizizi hii imejaa mpaka mlangoni. Nikifika tu, leo hii, namwambia mke wangu awapikie watoto."

Upawa ulimtoka Shekiondo mkononi. Akaenda mlangoni akasimama, akaweka mikono yake kwenye miimo, huku na huku. Mgeni akaogopa, akadhani amemkosea mwenyeji.

"Huondoki," akasema Shekiondo. "Una watoto wangapi? Basi, huondoki. Twende kwanza kijitoni. Mwonja hayajui maji yaliyomwagwa."