Kijana Aliyesoma Kutoka Upande wa Pili

Tumepokea kwa waliotutangulia, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika milima ya Yemen aliishi mwalimu wa Kiyahudi aitwaye Zekaria, mcha Mungu, aliyewasomesha vijana Taurati. Wanafunzi wake walimwita Mori, yaani mwalimu wangu. Chuo chake kilikuwa na vijana saba na kitabu kimoja. Ndiyo, kimoja, tena kimechakaa. Kiliwekwa katikati, vijana wakakizunguka, kila mmoja akasoma kutoka upande alioketi. Desturi ilikuwa kubadilishana nafasi kila juma, ili kila mmoja apate kuziona herufi zimesimama sawasawa.

Miongoni mwao alikuwamo Shukri, mwana wa mjane aitwaye Badra. Kila asubuhi alimtekea mama yake maji kwanza, akafika chuoni wenzake wamekwisha kaa. Zamu zikabadilika kwa wenzake tu, na nafasi iliyobaki ilikuwa ileile siku zote, mkabala na mwalimu, mahali ambapo herufi zinaonekana kichwa chini miguu juu. Akakaa hapo miaka sita. Somo alilijua kama maji ya kunywa, na Mori akaridhika.

Alipotimiza miaka kumi na mitatu, Shukri akaitwa siku ya Sabato asome mbele ya jamaa. Gombo la Taurati likafunuliwa mbele yake. Akalitazama, asiweze kusoma hata neno. Herufi alizozizoea zilikuwa ngeni machoni pake. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Kumbe tulikuwa na kasuku." Maskini kijana, akatoka nje na uso ameuinamisha kwa haya.

Kesho yake Badra akamwendea Mori huku analia.

"Mori, mwanangu anasema ataondoka na msafara baada ya Sabato ijayo. Anasema Taurati si yake, ni ya wenzake. Marehemu baba yake aliniusia nisimwache apotee njia ya wazee wake. Nifanye nini mimi?"

Mori akachukua kile kitabu, akafuatana naye hadi nyumbani. Wakamkuta Shukri anafunga mzigo.

"Nisomee mstari mmoja tu, mwanangu, kisha uende kwa amani," akasema Mori.

Kijana akakipokea kwa adabu, na bila kufikiri akakigeuza kichwa chini. Akasoma ukurasa mzima wala hakukwama.

Mori akahisi moyo unamuuma. Miaka yote sita, na yeye hakuona!

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua kitabu ni kimoja, Mori. Nikadhani hilo ndilo fungu langu."

Hapo ndipo penye mtihani, ndugu zangu. Mori alikuwa na heshima ya miaka thelathini. Angeweza kusema kijana aliingiwa na woga tu, na jina lake likabaki safi. Lakini Sabato ilipofika alisimama mbele ya watu, akasema, "Kijana huyu hana kosa. Mimi ndimi niliyemweka upande mmoja, nikamsahau huko." Kisha akamwomba Shukri asimame ng'ambo ya pili ya meza ya gombo, herufi zimgeukie kichwa chini. Kijana akasoma hadi mwisho. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza pamoja na wanawake, alilia tena, na safari hii ilikuwa kwa furaha. Yule mzee aliyecheka hakuinua macho.

Msafara ukaenda zake bila Shukri. Asubuhi hiyo alipofika chuoni, amechelewa kama kawaida, alimkuta Mori ameketi upande ule wa pili, na mahali pa mwalimu pamebaki wazi kwa ajili yake. Wakaanza kusoma, wote wawili wakigugumiza kama watoto wa siku ya kwanza. Mori alipokosea, Shukri alimsahihisha kwa upole, na kijana alipokwama, Mori alimngoja.

Urithi wa wazee haumwingii kijana kwa kukemewa. Humwingia pale mkubwa anapokubali kuhama mahali alipozoea kukaa. Mola atupe macho ya kuwaona vijana wetu pale walipoketi.