Upande wa Chini wa Jani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeotesha mbegu na kuweka dawa ndani ya miti. Hadithi hii niliipokea kwa marehemu Maalim Shekue wa Bumbuli, naye aliisikia kwa mama yake mzazi.

Palikuwa na shamba la wakfu ambalo matango yake yalilisha yatima arobaini. Msimamizi wake, Sheikh Mbaruku, alikuwa kipofu, na umri ulikwisha kumlemea. Mwaka huo ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga wa muhogo, ulivamia matango.

Sheikh akawaita wajukuu zake, Kinyashi na dada yake mdogo Hadiya. Akampa kila mmoja nusu ya matuta na chupa ya mafuta ya mwarobaini.

"Baada ya majuma matatu nitakagua. Atakayeokoa chakula cha yatima ndiye atakayeshika amana hii baada yangu."

Hadiya alichanganya mafuta kidogo na maji na sabuni, ili yasielee. Kila jua lilipopungua makali alipiga magoti, akapulizia juu na chini ya kila jani. Majani yaliyokwisha kukauka aliyakata. Kinyashi alipulizia juu tu, akiwa amesimama.

"Kaka, hapa chini hujapafikia."

"Wee Hadiya, huchoki kuyapigia magoti matango?" Kinyashi alicheka. "Babu haoni. Atawauliza watu, na watu hutazama juu."

Asubuhi ya ukaguzi alimwaga mafuta yake yote yaliyosalia juu ya majani. Yakang'aa.

"Ya Kinyashi yanameremeta, Sheikh!" watu wakasema. "Ya Hadiya yamefifia, tena yamekatwakatwa."

Sheikh aliinama, akapitisha vidole chini ya jani la Kinyashi. Vikatoka vyeupe. Akavifuta, akapapasa chini ya jani la Hadiya. Vikatoka safi.

"Kinyashi, mjukuu wangu, dawa ulimpulizia nani? Matango, au watu?"

Kinyashi akainamisha kichwa.

Hadiya alikwisha kujitwika bomba lake la kupulizia dawa. "Babu, ukungu huu haujui mpaka. Niruhusu nianze na matuta ya kaka, kabla upepo haujauleta kwangu."

"Amana ni yako sasa. Usiniombe ruhusa."

Kinyashi akapiga magoti kando ya dada yake, akaanza kumwinulia majani, moja moja.

Funzo: Aliyepewa amana huitunza hata pale ambapo macho ya watu hayafiki, kwani huko ndiko maradhi huanzia.

Mola awabariki mliosikiliza na mtakaowafikishia wengine, ayalinde mashamba yenu, na azisafishe nyoyo zenu nje na ndani. Amin.