Kuugua kwa Bwana Harusi

Hapo zamani, si ile zamani ya wafalme na majini bali zamani ya karibu, simu za mkononi zilipokuwa zimeshafika Tabora na akina mama bado wakizifunga kwenye mapindo ya khanga, palikuwa na nyumba ya kupanga yenye ua katikati na vyumba pande zote. Vyumba vingi vilikuwa vitupu. Vilivyobaki na watu ni vitatu, na kila chumba kilikuwa na mtu mmoja, na kila mtu alikuwa na mlango wake, na kila mlango ulikuwa umefungwa.

Chumba cha mbele alikaa Bi Nyamizi, mjane, mshona foronya. Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, aliyeolewa Mwanza, na Mwanza ilikuwa imemmeza. Kila jioni Bi Nyamizi alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala nusu, nusu akaifunika, kesho yake akaimwaga. Asubuhi aliwasha redio. Habari zenyewe hakuzijali. Alichotaka ni kumsikia mtangazaji akisema, "Habari za asubuhi," ili naye apate kuitikia, "Njema, baba."

Chumba cha nyuma alikaa Mzee Kapufi, Mfipa, aliyekuja mjini ujanani kwa kazi ya reli, akastaafu, asirudi kwao. Yeye na Bi Nyamizi waliwahi kugombana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na tangu ugomvi ule hawakusemeshana. Wakikutana uani, mmoja alikohoa, mwingine akapisha.

Chumba cha kati alikaa Mwalimu Kokushubila, binti wa Kihaya aliyepangiwa shule ya mjini hapo, asipomjua mtu. Huyu ndiye aliyekuwa na samaki. Alikuwa samaki wa mapambo, wa rangi ya dhahabu, mkubwa kama kidole gumba, na aliishi katika bakuli la kioo juu ya meza. Kaka yake alimletea kutoka Dar es Salaam kwa treni, safari nzima amepakata chupa mapajani, abiria wakimcheka. Mwaka haukupita, kaka yule akafa kwa ajali. Kwa sababu ya mavazi yake yale ya kung'aa, samaki aliitwa Bwana Harusi.

Basi siku moja Mwalimu akaitwa Bukoba, mama yake hali mbaya. Akabeba bakuli mpaka mlango wa mbele.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nasafiri. Naomba unishikie huyu. Chakula chake ni hiki, chembe chache asubuhi, basi. Asizidishiwe."

"Nenda salama, mwanangu. Nitamtunza kama mwanangu wa kumzaa."

Na hivyo ndivyo alivyomtunza. Bi Nyamizi aliliweka bakuli mezani, mahali ambapo marehemu mumewe alikuwa akikaa. Akivunja mkate, kipande cha Bwana Harusi. Akipakua wali, punje za Bwana Harusi. "Kula, Bwana Harusi, mtu hali peke yake." Samaki akala, naye Bi Nyamizi akacheka peke yake chumbani, sauti ya kicheko ikamshtua mwenyewe, maana alikuwa ameisahau. Redio hakuiwasha tena.

Siku zikaenda. Maji yakawa kama maji ya mchele. Tumbo la samaki likavimba, mapezi yakamnywea, akalala ubavu juu ya maji akihema kwa shida, jicho moja likitazama dari. Bi Nyamizi alipomwona asubuhi ile, alitoka nje. Akasimama uani, akageuka huku, akageuka kule. Wa kumwendea alikuwa mmoja tu.

"Hodi, Mzee Kapufi."

Sauti ikatoka ndani: "Nani?"

"Mimi. Nyamizi. Samaki wa mwalimu anakufa, na aliyemuua ni mimi."

Mlango ukafunguliwa. Mzee Kapufi alikuja akiburuta mguu wake mbovu, akainama juu ya bakuli. Ujanani alikuwa ametunza mabwawa ya samaki ya misheni.

"Umemlisha sana," akasema. "Na maji yameoza. Kuanzia sasa asipewe hata chembe. Maji abadilishiwe kila siku, kidogo kidogo, na chumvi ya mawe kiasi cha kubana kwa vidole."

"Maji yenyewe yako wapi? Bomba limekauka, na likitoka linanuka dawa."

Mzee Kapufi akageuka kukitazama chumba chake. Nyuma ya chumba chake alikuwa na pipa la maji ya mvua aliyoyakinga tangu masika. Aliyafunika kwa bati na jiwe, akayanywa kwa kujipimia, kwa kuwa kisima kilikuwa mbali na mguu haukumruhusu.

"Yapo," akasema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mzee Kapufi alibisha hodi na kindoo chake cha maji ya mvua. Maji yake ya kunywa akawa anayafuata mwenyewe kisimani, akipumzika njiani kila anapopata kivuli. Bi Nyamizi naye alimshika samaki kiganjani ndani ya maji, akamweka wima, akiegemea akamsimamisha tena, mikono ikakunjamana kwa maji. Waliongea machache. "Ameamkaje?" "Anahema." "Tumshukuru Mungu." Kisha mzee akaondoka, na Bi Nyamizi akajikuta anausikiliza mguu ule unaoburuzwa mpaka mwisho wa ua.

Hali ilipozidi kuwa mbaya, Bi Nyamizi akampigia Mwalimu simu. Upande wa pili kulikuwa na vilio.

"Mwanangu, samaki wako anaumwa. Kosa ni langu."

"Mama," Mwalimu akasema, "tumetoka kumzika mama yangu sasa hivi. Sitaki kusikia kifo kingine. Akifa mtupeni. Akipona ni wenu." Simu ikakatika.

Siku chache baadaye simu ikalia tena. Safari hii ni Siwema, ambaye hakuwa akipiga.

"Mama, nimekukatia tiketi ya treni. Njoo tule Idi pamoja. Wajukuu wanakuuliza."

Bi Nyamizi akakaa chini. Aliisubiri simu hiyo tangu Siwema alipoondoka. Akalitazama bakuli. Bwana Harusi alikuwa amejaribu kusimama asubuhi ile, akaanguka.

"Mwanangu, Idi hii siwezi. Nina mgonjwa."

"Mgonjwa nani?"

"Samaki."

"Unaacha kuja kwa wajukuu zako kwa sababu ya samaki?"

"Nimemuumiza mwenyewe, Siwema. Nikimwacha, nani atamshika?"

"Sawa, Mama. Kaa na samaki wako." Na tangu hapo hakupiga, na akipigiwa hakupokea.

Siku ya Idi Bi Nyamizi alipika pilau la watu wawili. Hakula hata nusu. Alikaa karibu na bakuli, mkono majini, akisikia watoto wa nyumba za jirani wakipita na nguo mpya. Mzee Kapufi, ambaye ni Mkatoliki, alipita na maji yake, akasema, "Idi njema, Bi Nyamizi." Ni yeye peke yake aliyemwambia hivyo. Akakaribishwa sahani, akaila akiwa amesimama mlangoni.

Tumbo la samaki likaanza kushuka. Mapezi yakafunguka. Asubuhi moja Bi Nyamizi alitia mkono majini amshike, naye akachoropoka, akazunguka bakuli zima, mkia unapepea. "Mzee Kapufi! Mzee Kapufi!" Mzee akaja mbio, kama mguu ule ungeweza kuitwa mbio, maji yakimmwagikia suruali. Wakasimama pamoja wakitazama.

Mwalimu alirudi amekonda, amenyoa nywele, amevaa nguo nyeusi. Alipomwona Bwana Harusi akiogelea, alipiga magoti mbele ya meza, akalia kilio ambacho hakukilia msibani.

Lakini nyumba ile haikuwa yao. Warithi wa mwenye nyumba wakaiuza, mnunuzi akataka ibomolewe, wapangaji watoke. Mwalimu alikuwa amepewa uhamisho kwenda Urambo. Mzee Kapufi akapata chumba kule upande wa stesheni. Bi Nyamizi akapata kibanda upande mwingine kabisa wa mji. Siku ya kuhama mizigo ikafungwa, mikokoteni na gari vikasimama nje, na bakuli likabaki uani, juu ya kigoda. Wote watatu walilizunguka. Hakuna aliyeligusa.

Mwalimu akasema kwanza. "Mama, mzee wangu, nawashukuru. Lakini huyu ni wangu. Kaka yangu alimpakata safari nzima. Baba sina, mama sina, kaka sina. Nilisema ni wenu, ndiyo nilisema, lakini nilisema udongo wa kaburi ukiwa bado mikononi. Maneno ya siku ile yanahesabiwa?"

Mzee Kapufi akakohoa. "Mwalimu, pole sana. Lakini ulipotamka atupwe, maji yangu ndiyo yaliyomweka hai. Bi Nyamizi hakujua dawa, na wewe hukuwapo. Nimeishi nyumba hii miaka bila asubuhi yangu kuwa na kazi. Sasa inayo. Mkiniondolea samaki, nitaamka niende wapi na ndoo?"

Bi Nyamizi alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga yake.

"Mimi ndiye niliyemuumiza," akasema. "Sikatai. Nilimlisha kwa upweke wangu mpaka nikakaribia kumuua. Lakini kwa ajili yake nimempoteza Siwema. Mwalimu, wewe kijana, utaolewa, utazaa. Mzee, wewe una maarifa, utafuga mwingine. Mimi huko niendako nitavunja mkate nimpe nani?"

Nje, dereva akapiga honi. Bwana Harusi akazunguka bakuli, akapita mbele ya mmoja, akapita mbele ya wa pili, akapita mbele ya wa tatu, wala hakusimama kwa yeyote.

Haya, wenzangu mliokaa kunisikiliza: aliyepewa na kaka akamtamkia kifo, aliyetoa maji yake akajua na dawa, na aliyemuumiza akamuuguza mpaka akampoteza mwana. Kama ni wewe uliyesimama uani siku ile ukaombwa uamue, ungelinyanyua bakuli lile ukamkabidhi nani?