Limbuko la Mtama Uliopandwa Vumbini

Hapo zamani, mwaka ambao hata vyura walihama, alikuwepo mwanamke aitwaye Kabula, mwenye mume, mama mkwe, watoto wanne na njaa moja kubwa. Chakula kilikwisha. Kilibaki kibuyu cha mbegu ya mtama, nacho mama mkwe, Bibi Minza, alikilalia kama kuku anayeatamia. Watoto walie, wasilie, bibi hatoi.

Kabula akaomba mvua. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu akanyamaza yeye, akasikiliza. Moyoni akasikia neno moja: Panda.

"Nipande wapi, Mungu wangu? Ni vumbi tupu!"

Neno likawa lile lile. Kabula aliogopa sana, maana mbegu ikifia vumbini, wanawe wamekwisha. Lakini akaenda kuwaambia mumewe na mama mkwe.

"Mke wangu, njaa imekupanda kichwani," akasema Shigela, mumewe. "Mimi naomba kila alfajiri, mbona siambiwi kitu?" Hata hivyo akachukua jembe.

Bibi Minza akamtazama mkwewe, akamtazama tena, akakitoa kibuyu.

Wakapanda. Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu: "Mnawalisha mchwa?" Siku ya saba Kabula mwenyewe akalegea, akaenda shambani kufukua mbegu awapikie watoto. Shigela akamshika mkono.

"Ulisikia, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi twende nyumbani."

Siku ya kumi mvua ikaja. Ikanyesha siku nne tu, ikaenda zake. Waliongoja ardhi ilowe ndipo walime, walichelewa. Mtama wa Kabula ukakubali.

Sasa, kwao mavuno mapya hayaliwi mpaka mtu mmoja alimbue, ale tonge la kwanza, naye ni yule ambaye imani yake imeyaleta. Ugali ukaepuliwa. Watoto wakameza mate.

"Samahani, mama, ila ni mimi," akasema Kabula. "Nisingesikiliza, tungepanda nini, lini?"

"Ulisikia, ukataka kufukua," akasema Shigela. "Mimi sikuambiwa hata neno, nikalima."

Bibi Minza akacheka. "Wanangu, mlilima kwa jembe tupu, bila mbegu? Nililala njaa juu ya chakula miezi mitatu, kisha nikakitoa chote siku moja, kwa neno nililolisikia kwa mkwe."

Hakuna aliyenyoosha mkono, na ugali unapoa. Haya, wewe uliyekaa karibu na chungu: tonge la kwanza utampa nani?