Vibanda Vitano na Maboga ya Kiboko

Hadithi!

"Njoo!"

Ije na nini?

"Ije na uongo, ukweli tutaujazia wenyewe!"

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye muhogo mdomoni, meza kwanza.

Hapo kale, si kale sana maana makopo yalikuwapo, palikuwa na vijiji vitano vya wanyama, na kila kijiji na kibanda chake. Ukimaliza chupa, kibandani. Ukimaliza kopo, kibandani. Mfuko wa plastiki, kibandani. Mafundi wakapita kuchukua, wakagonga, tang! tang! tang! Kopo likawa koroboi, bati bovu likawa jiko, mifuko ikasukwa mikeka.

Kibanda cha Majanini alikilinda Nguchiro. Kijinyama chenyewe hakifiki gotini, lakini kichwa hicho, jamani! Alikifagia asubuhi, alikifagia jioni, na alikuwa na sababu yake. Kabla ya vibanda, mtoto wa jirani yake Mama Swala alimeza mfuko uliozagaa malishoni. Akafa mchana kweupe, mama yake akimtazama. Sasa Mama Swala alikuwa mjamzito tena, na Nguchiro alimwapia, "Dada, huyu atakula majani. Mfuko hataujua."

Basi, mkubwa wa vijiji vyote alikuwa Kiboko, akikaa mtoni, mwendo wa kutwa nzima. Akayaona majiko, akaiona mikeka, macho yakamtoka. Akaitisha baraza.

"Vibanda vyote vifungwe!" akanguruma. "Kila kitu kiletwe kwangu!"

"Mzee, ni mbali," akasema Kobe. "Mimi nikitoka leo nitafika nina wajukuu."

"Nimesema kwangu!"

Mama Swala akashika tumbo. Nani atatembea kutwa nzima kwa ajili ya chupa moja? Wataitupa majanini, yatarudi yale yale. Nguchiro alimwona, moyo ukamuuma. Lakini akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Umesema, Bwana Mkubwa, tumesikia. Tukukabidhi wewe mwenyewe, mlangoni kwako?"

"Mimi mwenyewe! Nisije nikaibiwa."

Nguchiro akatimua mbio, pu-pu-pu-pu, kijiji kwa kijiji. "Mkubwa atiiwe! Kila mmoja abebe kopo moja. Moja tu! Mkifika pigeni hodi, mkabidhini, mkae kitako. Na zamu zenu ni hizi."

Nchi ile ilikuwa na desturi, hata nyinyi mnayo. Atokaye mbali akapiga hodi ni mgeni, na mgeni hula, hulala. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Majanini wakatangulia, kwaru-kwaru-kwaru na makopo yao. "Hodi!"

"Karibuni," akasema Kiboko. Angesema nini? Akawachumia maboga shambani kwake, na Kiboko kwa maboga, msiniulize! Wakala, kacha! kacha! Kiboko akacheka moyoni, "Kuleni tu. Keshokutwa mtanilimia shamba lote."

Siku ya pili wakala, kacha! kacha! Siku ya tatu alfajiri Kiboko akatoa majembe. Akakuta wamekwisha kushika njia, wanapunga mikono. "Ahsante, mwenyeji!" Na mlangoni, "Hodi!" Kijiji cha pili. Wageni wapya, siku ya kwanza!

Kiboko akarudisha majembe ndani. Wakala, kacha! kacha! Siku ya tatu akatoa majembe, wameondoka. "Hodi!" Kijiji cha tatu. Nyumbu wote hao! Akarudisha majembe. Cha nne, akarudisha majembe. Cha tano, mikono ya Kiboko ikaota malengelenge, na shamba halijalimwa hata tuta moja.

Siku ya kumi na moja, "Hodi!"

"Nyinyi si Majanini? Si mlishakuja?"

"Tulikuja, Bwana Mkubwa," akasema Nguchiro. "Tumemaliza makopo mengine."

Shambani lilibaki boga moja. Kiboko alikuwa amelikalia.

"Na wewe umeleta nini?"

"Kizibo, Bwana Mkubwa." Nguchiro akakikabidhi kwa mikono miwili. "Chupa yake nitaileta safari ijayo."

Kiboko akakitazama kizibo. Akalitazama boga. Machozi yakamlengalenga.

"Vifungueni vibanda!"

"Lakini ulisema kila kitu..."

"Nisamehe, mwanangu! Vifungueni vyote vitano, ongezeni vya kwenu kumi! Ila mlangoni kwangu, basi!" Akalikumbatia boga lake, akajitupa mtoni, chubwi!

Vibanda vikafunguliwa, vikaongezwa kumi, na hata leo vipo. Kobe, aliyeondoka siku ile ya kwanza, alizipata habari njiani, akageuza. Na Mama Swala akajifungua. Siku mtoto alipoinamisha kichwa kula kwa mara ya kwanza, Nguchiro alitangulia mbele yake akipekua kila kichaka. Akakuta majani. Akapekua tena. Majani tu. Hapo akakaa chini akalia, na mimi simcheki.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nayo haina hodi. Aliyesinzia asimuliwe na jirani yake.

Na funzo? Funzo ni hili, watoto wangu. Watiini wakubwa. Watiini sana. Watiini mpaka wawaombe msamaha.