Sahani Iliyotolewa Tanuruni Kabla ya Siku Yake

Wametupokeza waliotutangulia katika dini, nao walipokezwa na waliokuwa kabla yao, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham palikuwa na mjane mchamungu akiitwa Bibi Lubaba binti Nuaim, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa ya vioo. Hakupuliza bilauri kama mafundi wengi wa mji ule. Yeye alikata vipande vya kioo cha rangi, akavipanga kimoja kando ya kingine juu ya kigae kilichopakwa chokaa, akavitia tanuruni mpaka vikalainika, vikashikana, vikawa sahani moja. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Mzee Ghalib, aliyekuwa amefariki miaka kumi na moja nyuma. Watoto hawakujaaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya tanuru, maana kisa chote kimesimama hapo. Vioo vikishashikana, moto huachwa ufe wenyewe, na mlango wa tanuru huzibwa kwa udongo siku tatu kamili. Kioo kikitolewa kabla ya hapo, nje hupoa upesi na ndani bado pana joto, na mvutano ule hubaki humo daima. Jicho haliuoni. Sahani huwa ya kupendeza, kisha siku moja, pengine kesho, pengine baada ya mwaka, hupasuka yenyewe bila kuguswa na mtu. Mzee Ghalib aliijua pupa ya mkono wa mwanadamu, kwa hiyo alijiwekea desturi: kila alipoziba tanuru alifunga saumu ya sunna siku zile tatu, ili tumbo liukumbushe mkono kungoja. Alipofariki, mkewe akaishika desturi ile.

Saumu ya mtu mmoja ni nzito, ndugu zangu, na wala si kwa njaa. Magharibi ikiadhiniwa, Bibi Lubaba alikula tende tatu, akanywa maji, akaomba dua yake, na hakuna wa kumwitikia amina. Siku za Alhamisi alitandika mkeka mbele ya mlango wake akapanga sahani. Wateja walikuja, wakasalimu, wakachagua, wakaenda zao. Zilikuwapo wiki ambazo maneno yote aliyomwambia mwanadamu yalikuwa ni salamu na bei. Alimshukuru Mola wake kwa afya na riziki, na shukrani yake ilikuwa ya kweli, lakini upweke ulimla. Wachamungu nao wana mioyo, asiwadanganye mtu.

Basi Alhamisi moja akaja Bi Umaima, mke wa mfanyabiashara wa mazulia. Binti yake wa pekee alikuwa ameposwa katika mji wa mbali, mwendo wa siku kumi na mbili kwa msafara. Kwa watu wa kule ilikuwa ada kwamba bibi harusi, siku ya kwanza, humpakulia mama mkwe chakula cha moto katika sahani iliyotoka kwao, akamkabidhi mkononi. Bi Umaima aliitaka sahani hiyo, tena ya buluu na kijani.

Bi Umaima alikuwa mtu wa maneno mengi, Mwenyezi Mungu amsamehe na atusamehe na sisi. Hakuweza kuagiza akaondoka. Alirudi kesho yake baada ya sala ya alasiri kutazama vipande vikikatwa, akarudi kesho kutwa, akarudi tena. Alikaa juu ya kigoda cha marehemu Mzee Ghalib, akaeleza habari za binti yake, za meno yake, za jirani asiyerudisha vyungu. Bibi Lubaba alikata kioo, akasikiliza. Siku ya nne alijikuta anafagia nyumba mapema, na baada ya alasiri masikio yake yako mlangoni. Siku ya tano alicheka. Aliishangaa sauti yake mwenyewe, kwa jinsi ilivyokuwa imepotea siku nyingi.

Siku ya saba sahani ikaingia tanuruni. Moto ukafanya kazi yake, mlango ukazibwa kwa udongo, na Bibi Lubaba akanuia saumu.

Siku ya pili ya kuziba, baada tu ya adhuhuri, Bi Umaima akaingia akitweta.

"Dada yangu, msafara umetanguliza safari! Unaondoka kesho baada ya alfajiri. Nitolee sahani yangu."

"Bado, Bi Umaima. Siku zake ni tatu."

"Nitolee japo niione kwa macho, nijue iko."

"Nikifungua, nimefungua. Hakuna kuona na kurudisha."

Bi Umaima akajitanda shela yake. "Basi. Nitakwenda sokoni nikachukue sinia ya shaba kama watu wengine. Kumbe nilipoteza siku zangu bure. Mtaa huu sina tena la kunirudisha."

Alipofika kizingitini, Bibi Lubaba alikwisha kuushika mwiko wa chuma. Akaubomoa udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Sahani ikatoka. Wanasimulia kwamba hapakuwa na sahani nzuri kuliko ile katika zote alizopata kuzifanya. Buluu ilikuwa imeingia katika kijani taratibu, bila mkwaruzo, bila ufa, bila tone la povu. Bi Umaima akalia. Akamkumbatia, akasema, "Tangu leo wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Binti akiondoka, kila siku nitakuja hapa. Na leo magharibi ufuturu kwangu, usiniambie hapana. Uniletee sahani hiyo ikishapoa vizuri." Akaenda zake akikimbia.

Bibi Lubaba akabaki na sahani. Furaha yake ilidumu mpaka alasiri. Alisimama kusali, akasoma, na katika kusujudu akaiona mikono ya msichana asiyemjua, imebeba chakula cha moto, mbele ya mama mkwe. Akatoa salamu, akakaa juu ya msala.

Nafsi ikamwambia: Huenda isipasuke. Ikipasuka, watasema ni ngamia, watasema ni njia mbaya, na nani atakujua? Nafsi ina mdomo mtamu. Ikamwambia tena: Na ukisema, nani atakaa juu ya kigoda?

Hapo ndipo palipomuuma. Akalia, kisha akaifunga sahani kwa kitambaa cha sufi, akatoka.

Nyumba ya Bi Umaima ilikuwa imejaa wanawake. Wengine walikuwa wakikunja nguo za bibi harusi, wengine wakipika, wote wakisema kwa pamoja, na harufu ya nyama na mdalasini ilifika mpaka njiani. Walimpokea kwa vigelegele. Msichana mmoja alimsogezea mto, akasema, "Karibu, mama, jua linakaribia kutua, utafuturu nasi." Miaka kumi na moja hakuwa amefuturu na mtu.

Hakukaa. Alimwita Bi Umaima pembeni, penye mlango.

"Sahani hii usimpe mwanao. Nimeitoa kabla ya siku yake. Unaiona nzima, lakini inaweza kupasuka yenyewe, na ikiwa na chakula cha moto itamkata mikono."

Bi Umaima alimtazama. "Ulilijua hilo ulipokuwa ukifungua?"

"Nililijua."

"Na ukafungua kwa nini?"

"Ulisema hutarudi tena," alijibu Bibi Lubaba. "Niliogopa usije ukaondoka moja kwa moja. Sina udhuru mwingine. Nipe siku nne nikufanyie nyingine, kwa haki yake."

"Msafara unaondoka kesho!" Sauti ya Bi Umaima ilipanda, na wanawake wakanyamaza ndani. "Ungeninyamazia, mwanangu angeondoka na furaha, nami na furaha yangu. Au usingeifungua tangu mwanzo. Umenidanganya mchana, umekuja kuniaibisha jioni. Nenda nayo sahani yako."

Mlango ukafungwa. Adhana ya magharibi ilimkuta njiani, sahani mkononi. Alifuturu kwa maji ya birika la msikiti, akisimama, peke yake.

Aliiweka sahani rafuni, mkabala na kigoda. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ulipoanza mtihani wenyewe, maana sahani haikupasuka. Alikuwa akiamka kila asubuhi akaitazama, nayo ni nzima. Mwezi ukapita, ni nzima. Baridi ikaja na joto likaja, na kila Alhamisi wateja wakaiulizia, naye akasema, "Hiyo haiuzwi." Nafsi ikapata la kusema: Waiona? Ilikuwa nzima. Ulimfukuza rafiki yako kwa ajili ya ufa usiokuwepo. Kuna siku alitamani ipasuke mbele ya macho yake, ili walau apate shahidi. Kisha akaomba msamaha kwa Mola wake, kwa kuwa aliona ameanza kusema ukweli kisha akautaka ujira. Akaendelea na vioo vyake, na saumu zake, na tende zake tatu. Kigoda kikashika vumbi.

Ukapita mwaka na miezi mitano. Jioni moja, tanuru limezibwa tangu jana yake, Bi Umaima akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na hakuwa na maneno mengi.

"Binti yangu alijifungua mtoto, akamzika," alisema. "Ni miezi minne sasa. Kila aliyekuja na msafara nilimuuliza, na kila mmoja aliniambia, hajambo, anacheka, amenenepa. Walijua ndilo nilitakalo. Mume wangu aliujua msiba ule. Dada zangu walijua. Mwanangu alilia peke yake huko, nami hapa nilikuwa nikigawa halua."

Bibi Lubaba akamsogelea mlangoni.

"Nyumba yangu imejaa watu, na simwamini hata mmoja wao. Nikakumbuka kwamba katika mji huu yuko mtu aliyekuja kuniambia nisilolitaka, na aliona nitamfungia mlango, akasema." Akainua macho, akaiona sahani rafuni. Uso wake ukabadilika. "Kumbe ni nzima mpaka leo!"

"Ni nzima," alisema Bibi Lubaba. "Huenda ikapasuka leo, huenda isipasuke kabisa. Mimi sijui. Lakini bado nisingempa mwanao."

Bi Umaima akalia, kilio cha mtu aliyepata mahali pa kulilia. Bibi Lubaba akakifuta kigoda kwa upindo wa nguo yake, akakisogeza. Akaongeza kikombe cha pili cha maji, akazigawa tende. Adhana ilipoadhiniwa akaomba dua, akamwombea yule mtoto mchanga na mama yake, na safari hii palikuwa na sauti ya kuitikia amina.

Wasimulizi wamehitilafiana juu ya mwisho wa sahani ile. Wako wasemao kwamba ilipasuka yenyewe Ijumaa iliyofuata, wanawake wale wawili wakiitazama. Wako wasemao kwamba ilikuwa nzima hata siku alipozikwa Bibi Lubaba, na Bi Umaima akaichukua, wala hakupakulia chakula ndani yake maisha yake yote. Wanafunzi wangu huniuliza kila mara ni ipi iliyo sahihi. Nami huwajibu kwamba hilo ndilo swali ambalo nafsi ya yule bibi ilimuuliza kila asubuhi kwa mwaka na miezi mitano, naye hakulijibu. Alisema alilolijua, siku alipolijua, jua likiwa bado halijatua. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema namna hiyo, na atupe subira ya kukaa na kigoda kitupu baada ya kusema.