Kwa Nini Bangi Hunuka Hata Ikijificha

Zamani, kabla amri hazijawa nyingi kuliko watu, bangi haikuwa na harufu. Wala haikuitwa bangi. Kwenye miteremko ya Mlima Kisuwi watu waliuita mmea huo mpoza, na kila nyumba ilikuwa na mashina yake nyuma ya jiko, jirani na mnavu na magimbi, wazi kabisa mbele ya macho ya kila mpita njia. Jani lake lilikuwa la mviringo, laini kama sikio la mwanambuzi. Ukilinusa, ungedhani umenusa maji.

Msitazamane. Nimetembea nchi nyingi kwa viatu vilivyonicheka njia nzima, na kote nilikofika niliukuta mmea huu umejificha na bado unanuka. Nikarudi nyumbani kuuliza, kama mjinga anayezunguka kijiji kutafuta kisu kilicho kiunoni mwake. Nikaambiwa haya.

Mpoza ulikuwa na kazi moja. Maua yake yakikomaa yalichemshwa, na maji yake akapewa mtu mwenye maumivu yasiyosikia maneno. Hayakuponya. Yalipoza tu. Na kupoza hakukuwa jambo dogo, maana Kisuwi kulikuwa na desturi ngumu: aliyekufa kimya alizikwa juu ukingoni, pamoja na wazazi wake, mahali jua linapofika kwanza. Aliyekufa akipiga kelele alishushwa korongoni peke yake. Watu waliamini kwamba kelele ya namna hiyo haifi na mwenyewe, hubaki pale kaburini na kuwasumbua waliolala.

Sasa, alikuwapo mwanamke aliyeitwa Nakijwa, na mumewe Mcharo, mrina asali. Mcharo alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akiwaambia nyuki, "Hodi wenyewe, mkwe wenu nimekuja," ndipo apande. Siku moja kamba ilikatika akiwa kwenye jabali, akaanguka, na nyonga yake ikavunjika vipande. Walimbeba hadi nyumbani kwenye machela ya matawi. Mfupa ulikataa kuunga, kisha ukaanza kuoza ndani ya nyama. Tangu hapo Mcharo akawa mtu wa kulia. Hakulia kama mtoto anavyolia, bali kama mti unavyolia unapopasuliwa.

Ulipopatikana upenyo kidogo katikati ya maumivu, alizungumza.

"Mke wangu," alisema, "kupona siombi. Hata mimi nina macho. Naomba nife mdomo umefungwa, nikalale na mama yangu. Kule korongoni sina ninayemjua."

"Utalala na mama yako," Nakijwa akamjibu.

"Basi uhimize huo mpoza. Mwenzio nimechoka kujisikia."

Lakini mwaka huo mpoza haukuwapo. Ukame ulikuwa umeunyausha, na viwavi wakamalizia kilichobaki, kuanzia shamba la kwanza chini hadi la mwisho juu. Nakijwa alikuwa na mbegu tu, ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga. Akalima tuta nyuma ya nyumba, akazipanda, akaanza kungoja mvua.

Mvua ilichelewa, na ilipokuja ilikuja kama mgeni aliyekasirishwa njiani. Ilinyesha mpaka udongo ukashindwa kuimeza. Mizizi ikaanza kuoza, majani ya chini yakageuka manjano. Nakijwa alichimba mifereji kwa jembe, na jembe lilipovunjika mpini alichimba kwa mikono, huku nyuma yake, kupitia ukuta wa udongo, akimsikia Mcharo. Nusu ya miche ikafa. Ile iliyobaki ilipofika kifuani, ikanyesha mvua ya mawe.

Alijaribu kuikinga kwa ungo. Jiwe la barafu halimjui mwenye ungo. Lilipiga ungo, likapiga mgongo wake, likapiga yale majani ya mviringo na kuyachana kuanzia ukingoni hadi kwenye kikonyo. Kulipotulia, kila jani lilikuwa limekuwa vidole vilivyotanuka, kama kiganja cha mtu anayesema "basi, inatosha". Nakijwa alikaa kwenye matope akaitazama mikono ile ya kijani ikimwelekea, akajua imekufa.

Haikufa. Majani hayakuunga tena, lakini yaliishi hivyo hivyo yakiwa yamechanika. Mawe yalipokuja mara ya pili, mengi yalipita katikati ya vidole yakaanguka chini. Upepo nao ulikuta njia, ukapita. Ule mmea ulikuwa umejifunza jambo ambalo wengine wetu hatujifunzi hata tukizeeka: kwamba ukishapasuliwa, usijishone haraka.

Kisha wakaja wenye midomo.

Walikuja panzi, kwa kuwa mpoza ulikuwa mtamu. Wakaja viwavi wa rangi ile ile ya jani, usiowaona mpaka uwaguse. Wakaja utitiri, wadogo kuliko vumbi, wakafuma utando juu ya vichwa vya mimea kama sanda. Mbuzi wa jirani wakaruka ua. Nakijwa alinyunyiza majivu, alinyunyiza maji ya pilipili hadi macho yake mwenyewe yakavimba, aliokota viwavi mmoja mmoja na kuwaponda kwa kidole gumba. Akimaliza tuta upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umekwisha kuliwa. Ndani ya nyumba Mcharo aliacha mizaha. Alikuwa sasa akiita jina la mama yake tu.

Ukabaki mche mmoja. Maua yake yalikuwa yameanza kufungamana, bado machanga, na utitiri ulikuwa umeshaanza kuyapanda.

Alfajiri moja Nakijwa alimkuta kicheche pale shambani, akichimbua mabuu chini ya mche. Mnamjua kicheche: yule mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, ambaye hata simba akikutana naye njiani hukumbuka ana safari nyingine. Nakijwa hakuinua jembe. Hakuwa na nguvu.

"Hukimbii?" kicheche akauliza kwa mshangao.

"Nikimbilie wapi? Pua yangu imezoea. Njoo siku yoyote ndani kwangu usikie kidonda."

Kicheche akakaa. Alikuwa hajawahi kukaa na mtu.

"Mmea wako mpole mno, bibi wee," akasema. "Duniani huku mpole ni chakula. Mimi mdogo hivi, nyama yangu laini, umeshasikia nani amenila?"

"Nipe basi hicho kinachokulinda."

"Ningeweza. Lakini nisikilize vizuri, usije ukasema kicheche alinidanganya. Harufu haina adabu. Ukishaitoa haikuulizi imfukuze nani na imwite nani."

"Wewe unataka nini?"

Kicheche akaangalia chini, akakwaruza udongo kwa kucha. "Nataka tuwe wawili. Nimechoka kuwa peke yangu duniani ninayenuka."

Kutoka ndani ya nyumba Mcharo akapiga ukelele, mrefu, mpaka ukakatikia mahali pasipo na pumzi. Nakijwa akasema, "Fanya."

Kicheche akaugeuzia mche mgongo, akainua mkia, akatoa alichonacho. Maua yakanyonya yote. Yakatoka jasho la kunata, likang'aa kama utomvu, na ile harufu ikaingia hadi kwenye mbegu. Utitiri ulianguka chini kama unga. Viwavi walijikunja wakadondoka. Mbuzi wa jirani walisimama nje ya ua wakapiga chafya, wakageuka. Na kwa mara ya kwanza tangu alime lile tuta, Nakijwa alilala usingizi wa mchana hadi jua likampata mguuni.

Maua yakaanza kunona. Zilibaki siku chache tu.

Lakini upepo wa Kisuwi hushuka mlima kila asubuhi, na harufu ikashuka nao. Ikafika kisimani, ikafika sokoni, ikafika barazani kwa Jumbe Irigo, aliyekuwa mkuu wa mteremko ule na mlinzi wa desturi zake. Watu wakanusa, wakanong'onezana. Harufu kali namna ile, kutoka nyumba ya mgonjwa, walijua maana yake moja tu: Mcharo amekufa akilia, na mkewe anamficha maiti ili asishushwe korongoni.

Jumbe Irigo akapanda na vijana wenye mundu, wamejifunga nguo puani.

"Mama," alisema kwa upole, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa desturi tu, "mtoe mumeo tumzike. Anaoza."

Kabla Nakijwa hajajibu, Mcharo akapiga ukelele ndani.

Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Jumbe, hiyo maiti inaita mama yake."

Basi wakaifuata harufu mpaka nyuma ya nyumba, wakauona ule mche. Unanuka kama mzoga, una mikono ya vidole vilivyotanuka, unatoka jasho. Nani asingeogopa? Nakijwa akajitupa akaukumbatia.

"Ni mpoza, baba! Ni mpoza ule ule mnaoujua. Niachieni siku chache. Maua yakomae, nimchemshie, anyamaze. Baada ya hapo mniunguze hata mimi."

"Mpoza una jani la mviringo," Jumbe akasema. "Mpoza haunuki."

"Umenuka kwa sababu ulikuwa unaliwa!"

"Mama, mimi nahukumu kwa ninachokiona."

Wakamvuta. Aling'ang'ania maua hadi yakabaki ute viganjani mwake, lakini walikuwa wengi. Wakaung'oa, wakaurundika na kuni za Nakijwa mwenyewe pale uani mbele ya mlango, wakawasha moto. Nakijwa akakaa chini. Alikuwa ameshinda mvua, barafu, panzi na utitiri. Ameshindwa na watu waungwana.

Mche ulikuwa mbichi, haukuwaka kwa moto mkubwa. Ulitoa moshi, mzito, mweupe, ukatambaa chini kama kitu kinachojua njia. Ukaingia mlangoni. Ukapenya kwenye nyufa za ukuta. Na Jumbe na vijana wake, waliosimama kuhakikisha kila jani limeteketea, walivua zile nguo puani ili wakohoe vizuri, wakakohoa, wakavuta pumzi ndefu, wakakohoa tena.

Kijana mmoja akacheka. Hakuna aliyejua anachekea nini, kwa hiyo wote wakacheka. Jumbe Irigo akakaa juu ya kinu, akainua kidole gumba chake akakitazama kwa muda mrefu.

"Hiki," akasema, "nimekuwa nacho siku zote?"

Kisha akauliza kama hapo nyumbani hakuna makande. Yalikuwapo, chungu kizima. Wakayala yote kwa mikono, mbele ya nyumba yenye mtu anayekufa, wakifutana machozi ya kicheko.

Nakijwa ndiye pekee aliyesikia kwamba ndani pamenyamaza.

Akaingia. Moshi ulikuwa umejaa hadi kwenye paa. Mcharo alilala chali, uso umelegea, kama alivyokuwa akilala zamani baada ya kushiba asali.

"Nakijwa," akasema taratibu. "Nani amezima?"

"Hawajazima, baba. Wamewasha."

Akafikiri. "Mwambie Jumbe makande ya mke wangu hayana chumvi. Namsikia anavyojilamba, mnafiki." Akavuta pumzi, akaitoa. "Pamepoa."

Akafunga mdomo, na hakuufungua tena.

Walimzika juu ukingoni, ubavuni kwa mama yake. Jumbe hakuwa na namna ya kukataa, maana yeye na vijana wake walikuwa mashahidi: mtu yule alikufa kimya, wenye kelele walikuwa wao. Lakini moshi ulipomtoka kichwani, aibu ikaingia mahali pake. Alikuwa amecheka msibani. Alikuwa amekomba chungu cha mjane. Na mkubwa akiaibika, huwa hajitungii adhabu yeye mwenyewe, hukitungia adhabu kile kilichomwona. Akapiga marufuku: nyumba yoyote itakayonuka mmea ule, mmea utang'olewa na mwenyewe atafungwa. Hata jina la mpoza akakataza lisitajwe.

Jioni ya mazishi, Nakijwa alinawa mikono, ute ukakataa kutoka. Akaviangalia viganja vyake. Ndani ya ule ute zilikuwa zimenata mbegu chache. Hakusema na mtu. Alishuka nazo hadi korongoni, kule alikokataa mumewe asipelekwe, akazipanda katikati ya mahindi ya mtu mwingine. Kicheche alikuwa ametangulia kufika, akimngoja.

Na tangu siku hiyo jani la bangi lina vidole, kama mkono unaosema inatosha. Tangu siku hiyo linanata, na linanuka, na wadudu wengi hulipita mbali, lakini kile kilicholiokoa na wenye midomo ndicho kinacholisaliti kwa wenye amri. Hulimwa mabondeni, ndani ya mahindi, na anayelima hukesha akiusikiliza upepo kuliko mvua. Jina la mpoza limesahaulika. Jina ulilopewa mmea badala yake ni la kunong'ona.

Na tangu siku hiyo, bangi ikikamatwa hurundikwa na kuchomwa hadharani. Waangalieni wanaotumwa kuichoma. Husimama wima, nyuso kali, kisha mmoja anasogea kidogo, na mwingine anamfuata, mpaka wote wako upande ule ule moshi unakoelekea. Hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini. Na kama karibu na hapo kuna nyumba yenye mgonjwa wa kulia, kwa muda ule mfupi tu, kelele hukoma.